Kamba Niliyomfunga Shangazi

Zaituni,

Koma kunidanganya kwamba tumbo linakuuma. Tumbo lako ni zima, asubuhi umekula ugali mwingi kuliko mimi. Jana pale kisimani nilikuwa nyuma ya kichaka, nimechuchumaa natoa mwiba mguuni, nikakusikia ukimwambia Hawa wa jirani: "Mimi siendi. Mtu aliyeacha zizi wazi fisi wakaingia, atakabidhiwaje mtoto mchanga wa mwenzake?" Hawa akacheka, akasema yule alikuwa punda, si mtu. Wewe hukucheka. Ulitwika ndoo yako ukaondoka, maji yanakumwagikia shingoni na hukuyafuta.

Ningekufuata na fimbo. Nikabaki nimechuchumaa pale pale.

Sasa nisikilize. Lori litapita kesho jua likichomoza. Sanduku lako limefungwa, barua ya chuo umeiviringisha ndani ya kanga. Unakwenda kusomea uuguzi wa akina mama na watoto, na katika kijiji hiki hakuna msichana aliyeitwa kabla yako. Ukibaki kwa ile sababu uliyomwambia Hawa, utakuwa umebaki kwa ajili ya uongo, na uongo huo ni wangu. Nitakueleza. Lakini si neno la kutema mara moja kama kokwa. Nitazunguka kidogo, univumilie. Mimi nimekuvumilia miaka kumi na saba.

Nimekulazimisha uende kumuaga mjomba wako, utarudi jua likishuka. Nimekaa mlangoni na daftari langu la kisomo juu ya goti. Mwandiko wangu usiucheke. Nimeujua nikiwa tayari na mvi, na sikumpa mwalimu aniandikie, ingawa alijitolea. Mambo mengine mtu anaandika kwa mkono wake hata kama mkono wenyewe umezoea jembe.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu. Juzi nilikuita jikoni nikuambie, ukaja, ukapiga goti, ukasema, "Abee bibi," nikaishia kukugombeza kwamba chumvi imezidi kwenye mlenda. Chumvi ilikuwa sawa. Nikikutazama usoni nitafoka tu habari za nywele na viatu, na neno lenyewe litabaki kifuani. Ndiyo maana naandika. Na habari za kuoga, kusali na kuchagua marafiki sitaandika. Hayo kama hukuyashika mpaka leo, karatasi haitakusaidia.

Punda wako Karani amesimama hapa mbele yangu anatazama kalamu. Unajua tulivyompa jina, kwamba anamtazama mtu kama karani wa ofisini anayengoja useme shida yako. Tangu jana ulipotoa sanduku nje kulifuta vumbi hajala vizuri. Amelinusa pande zote. Nimempa pumba, ameipuliza tu. Nimemfukuza aende kwenye majani, amezunguka nyumba akarudi kwa upande mwingine. Sijui nani amemwambia. Mimi sijamwambia.

Nimenyanyuka kuangalia njia kama unarudi. Bado. Haya.

Wewe unamkumbuka Shangazi akiwa mama yake Karani, punda mzito, mgongo umechubuka. Mimi namkumbuka akiwa kitoto, masikio makubwa kuliko tumbo. Nilimpata mwaka aliofariki babu yako, kwa kubadilishana na mbuzi wawili. Shemeji zangu wakaja wakasema mwanamke mjane hana kazi na punda, bora aolewe tena. Nikawaambia, "Punda akinipiga teke nitajua kwa nini." Hawakurudi tena na maneno hayo.

Jina alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Mgeni akitokea mbali, kabla mbwa hajanyanyua kichwa, yeye ameshalia mpaka majirani wanajua. Nilikuwa nampakia uwele, magunia mawili, moja kila ubavu, tunatembea mpaka Singida mjini. Pale dukani kwa yule Mhindi niliyekuwa namuuzia, hakukubali kukaa na punda wa wenzangu. Alisimama mlangoni, kichwa ndani, makalio nje, mpaka nitoke. Wateja wananung'unika hawana pa kupita. Mhindi mwenyewe akawa anasema, "Mama, mwambie askari wako apishe watu. Mimi sikuibii."

"Mwambie wewe," namjibu. "Mimi hanisikii nikiwa natazama mizani."

Akajaribu siku moja. Akamgusa puani kwa rula ya kupimia vitambaa. Shangazi akaichukua ile rula, akaitafuna polepole huku anamtazama. Mhindi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari.

Nilijiona mtu mkubwa, Zaituni. Nasema kweli. Mjane wa mashambani, na nina mlinzi mlangoni.

Halafu ile siku ya homa. Hii umewahi kuisikia kwa watu, lakini hukuisikia kwangu. Ulikuwa na miaka sita. Mama yako Amina alikuwa ameshafariki, tumebaki mimi na wewe. Tulikuwa tunarudi kutoka mjini, wewe umekaa juu ya magunia matupu, mimi natangulia. Kwenye yale mawe makubwa kabla ya kufika Mtinko homa ikanipiga, nikaanguka. Yaliyofuata nimesimuliwa. Shangazi akanisogelea, akasimama juu yangu, miguu huku na huku, kivuli cha tumbo lake usoni kwangu. Wakatokea wanaume watatu wanatoka mnadani. Wakataka kuninyanyua. Wa kwanza akapigwa teke la paja. Wa pili akang'atwa bega. Wa tatu akapanda juu ya jiwe, akawa anatoa ushauri kutoka kule juu. Walikuwa na kibuyu cha maji na hawakuweza kunifikishia. Jua unalijua lile. Ningekufa nimelindwa vizuri kabisa.

Wewe ukateleza kutoka mgongoni, ukashuka. Wakakupigia kelele, "Toto, ondoka, atakukanyaga." Ukaenda mbele yake ukamshika sikio, ukamwambia, "Basi Shangazi. Watu hawa wana maji." Akasogea hatua moja, moja tu. Ukapokea kibuyu ukaninywesha kwa kiganja chako, kidogo kidogo, ukanipaka mengine kifuani. Hukulia. Yule wa juu ya jiwe yuko hai mpaka leo, na nikikutana naye mnadani hanisalimii mimi kwanza. Anauliza, "Yule daktari wako hajambo?"

Nimekuandikia hiyo mwanzoni makusudi. Iweke kichwani unaposoma yanayofuata, kwa sababu wewe una tabia ya kukumbuka lile baya tu.

Jua limesogea, nimehamisha kigoda. Karani naye amehama.

Tulipohamia kijijini ulikuwa na miaka kumi. Kule kwetu kila tembe ilikuwa peke yake, katikati mashamba na miiba, na jirani ukimtaka unapaza sauti. Wakaja watu wa serikali wakasema tukae pamoja kwenye mistari, shule ije, zahanati ije, bomba lije. Sisemi vibaya. Shule iliyokupa barua ile ni ya kijiji hiki, na kalamu hii nimeishikia hapa. Lakini siku ya kuhama tulibomoa mapaa yetu wenyewe ili tubebe miti, na mimi niliwakaripia wanawake waliokuwa wanalia. Nililia baadaye, peke yangu, najifanya natafuta mchi.

Watu tuliambiwa tuhame. Punda hawakuambiwa. Jioni ya kwanza tu, Shangazi akatoka na mtoto wake, Karani huyu, ana wiki chache, akarudi mahame, kule tulikohama. Asubuhi nikamfuata, mwendo mrefu ule. Nikamkuta amesimama pale palipokuwa na mlango wetu. Mlango hakuna, ukuta umelala chini, na yeye amesimama anangoja afunguliwe. Nikamrudisha. Jioni akaenda tena. Punda wa wenzangu nao walifanya hivyo, ila walichoka baada ya siku tatu nne. Wangu hakuchoka. Wiki ya pili akaenda, ya tatu akaenda. Kila asubuhi napita katikati ya kijiji kipya na fimbo yangu, natoka mahame na punda na mtoto wake, watu wamesimama mbele ya nyumba zao wanapiga mswaki, wananitazama.

Mzee Ntandu, balozi wetu wa nyumba kumi, akawa ananingoja nipite.

"Mama Amina, habari za asubuhi. Punda wako bado anapinga kijiji?"

"Hapingi," nikamwambia. "Anangoja lile bomba mliloahidi."

Watu wakacheka, safari hiyo wakamcheka yeye, nikapita zangu nimenyoosha shingo. Lakini Ntandu hakusahau. Kikao cha wiki ile, mbele ya akina mama ambao walikuwa wamenichagua juzi tu niwaongoze, akasema kwa kutania kwamba kiongozi ambaye punda hamsikii, hawa kina mama watamsikiaje. Wakacheka hata rafiki zangu. Mimi siwezi kutaniwa, unanijua. Nilirudi nyumbani nimekunja uso, nikakuchapa kwa sababu ya sufuria.

Kilichonifanya nifanye nilichofanya ni kicheko kile. Watu wakija kujua, wakakuambia bibi yako alifunga punda kwa sababu ya simba wa mahame, wakatalie. Sikufikiria simba. Nilitaka asubuhi moja nisipite mbele ya Ntandu.

Naomba sasa usome polepole, kwa sababu nami naandika polepole.

Jioni ile zizi ulilifunga wewe. Uliburuta tawi la miiba mpaka mlangoni, ukaviringisha jiwe, ukalisukuma kwa mguu likakaa, ukalitikisa tawi kuona kama linacheza. Nilikuwa nimesimama na ungo, nikakuona. Naandika tena uone vizuri. Nilikuona.

Tukala, ukalala. Nikachukua kamba ya katani, nikaenda zizini. Nikaondoa jiwe lako, nikavuta tawi, nikaingia, nikamfunga Shangazi miguu ya mbele, mmoja kwa mwingine, nafasi ya shubiri moja. Kwetu mtoto wa miaka saba anajua kwamba punda mwenye mtoto hafungwi miguu mahali penye fisi. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kusonga ugali. Nilijua, nikafunga. Na yeye, ambaye mtu mzima alipanda jiwe kwa kumwogopa, alisimama kimya. Nilipogusa mguu aliunyanyua mwenyewe, kama mtu anayepimwa kiatu. Kwa sababu ni mimi.

Nikatoka nikarudisha tawi. Jiwe sikulirudisha. Nilisema kamba ipo, haendi popote.

Alilia baadaye, sana. Nilimsikia. Nikasema huyo analilia mahame, nikajifunika.

Asubuhi nilitangulia kutoka. Punda mwenye miguu mizima hababaishwi na fisi. Anageuka, anatupa mateke, fisi anakwenda kutafuta mbuzi wa watu wengine. Shangazi hakuweza kugeuka. Aliloweza ni kumsukumia mtoto kwenye kona ya ukuta na kuiziba ile kona kwa mwili wake, na hapo ndipo alipoangukia. Walimla upande mmoja. Upande wa kona hawakuufikia. Karani alikuwa nyuma yake, amesimama, magoti yanagongana, hana hata mkwaruzo.

Kamba ilikuwa imeingia kwenye nyama. Aliivuta kwa nguvu zake zote, na mimi nilikuwa nimefunga vizuri. Nikaikata kwa kisu cha jikoni, nikaitupa chooni, nikanawa mikono. Kisha ndipo nikapiga yowe. Sikiliza mpangilio huo, Zaituni. Kamba, mikono, halafu yowe.

Watu wakaja. Wewe ukaja unakimbia, ukapita katikati yao ukamshika Karani shingo. Ntandu akatazama tawi lililovutwa pembeni, akatazama jiwe.

"Nani alifunga hapa jana?"

"Mimi," ukasema.

"Jiwe uliweka?"

"Niliweka."

"Uliweka na liko kule? Fisi ana mikono?"

Ukanitazama mimi. Ulinitazama ukingoja nikusemee. Nilikuwa nimesimama karibu hivi kwamba ningeweza kukugusa. Watu wote wananitazama, na wale akina mama wangu wananitazama. Nikasema, "Mtoto ni mtoto, mzee. Msimwulize sana."

Wakaniona mtu mwema. Wamama wawili walinishika bega. Na wewe ukasema kwa sauti ndogo, "Labda sikuweka."

Hayo maneno yako mawili nimeishi nayo. Wewe uliyekuwa na hakika, uliyeninywesha maji kwa kiganja bila kumwaga, ukasema labda. Mimi ndiye niliyekutia hiyo labda.

Nimesimama tena. Nimefagia ua ambao ulikuwa umefagiwa. Nimehesabu kuku. Hawa amepita akaniuliza, "Bibi, shikamoo, mbona unazunguka?" Nikamwambia natafuta sindano. Ameinama kunisaidia kuitafuta, mtoto wa watu, mpaka nikaona aibu nikamwambia nimeipata.

Hayo yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ngoja nikupe upande wangu. Karani hakuwa na wa kumnyonyesha. Nilisema atakufa, tusijisumbue. Wewe ukachukua maziwa ya mbuzi, ukachovya kitambaa, ukamnyonyesha kwa kidole, mara sita saba kwa siku, ukalala naye jikoni. Nilikugombeza kwamba unamaliza maziwa. Nilikugombeza kwa sababu kila nikikuona umepiga magoti pale naona unalipia kitu changu. Akapona. Akakufuata kisimani, akakufuata shambani, akakufuata mpaka shule akaingiza kichwa dirishani katikati ya hesabu. Mwalimu akaniita. "Mama, mwanafunzi huyu sikumwandikisha." Nilicheka pale shuleni. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Umekuwa mkubwa, na kila jioni unafunga zizi. Unaliweka jiwe, unaingia ndani. Unatoka unalitazama. Unaingia. Unatoka tena mara ya tatu unaligusa kwa mkono. Miaka saba. Mimi nimelala kwenye ngozi yangu nahesabu mlango unavyolia, mara moja, mara mbili, mara tatu. Watoto wa kijiji wakakutungia maneno, "Fungeni mazizi, Zaituni anapita." Niliwatupia mawe. Mmoja nilimpata kisigino, mama yake akaja kulalamika, nikamfokea na yeye. Mawe niliyatupa yote. Neno moja sikulitoa.

Utaniuliza kwa nini. Mwanzoni niliogopa Ntandu na kikao. Mwaka uliofuata Ntandu nilikuwa simwogopi tena, naye alishaacha utani, lakini nikaona aibu kwamba nimechelewa. Mwaka wa tatu aibu ya kuchelewa ikawa kubwa kuliko lile kosa lenyewe. Hivyo hivyo. Na katikati ya miaka hiyo mimi nimesimama mbele ya akina mama nikiwafundisha wasiwafunge punda wenye watoto. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Mtu anaweza kuzoea, mjukuu wangu. Hilo ndilo lililonitisha.

Kuna jingine, na hili ni baya zaidi kwa sababu ni la jana. Ulipomwambia Hawa kwamba huendi, kabla sijakasirika, nilifurahi. Nilikuwa nimechuchumaa na mwiba mkononi, moyo wangu ukasema, basi atabaki, nitakuwa na mtu. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kama mtu anavyopiga chafya. Lakini nilijiona. Nikaona ningeweza kunyamaza tena. Ningenyamaza tu, wewe ungefungua sanduku, ungetundika nguo zako, na watu wangesema, "Ana huruma, hawezi kumwacha bibi yake." Na ungefunga zizi mara tatu kila jioni mpaka uzeeke, na mimi ningekula ugali wako.

Ndiyo maana leo nimezunguka hivi. Kalamu nimeiacha mara nne.

Wewe hukusahau mlango. Sijui niliandikeje liingie. Wewe ulifunga, mimi nikafungua. Uliweka jiwe, mimi nikaliacha kando. Punda alikufa kwa mikono yangu, na mtoto wake aliishi kwa mikono yako. Anayetafuta mtu wa kumkabidhi mtoto mchanga asije kwangu. Aje kwako, na wewe usiseme labda.

Huko uendako utakosea. Usinitumie barua kwamba hujakosea, nitajua unanidanganya. Utampa mtu dawa si yake, au utasinzia wakati mama wa watu anahitaji kuangaliwa. Siku hiyo sema siku hiyo hiyo, na mikono hujanawa. Wakikufukuza rudi nyumbani, ugali upo. Ila usije hapa na jambo ulilolificha, kwa sababu nitaliona. Najua linavyokaa usoni. Nimelivaa miaka saba.

Karani usimhofie. Asubuhi atalifuata lori, hilo halina mjadala, na utakuwa unatazama nyuma na kulia mbele za watu. Lia. Atakimbia mpaka lori limpotee, atasimama pale barabarani akilia mpaka kijiji kizima kikasirike. Akitaka kukaa huko mpaka mchana akae. Nitakwenda na pumba nikae naye. Kila jioni akitaka kwenda kukungojea barabarani aende, na asubuhi nitapita kijijini na fimbo yangu nikimrudisha, hata miaka yote ya kozi yako, na anayetaka kucheka acheke na mswaki mdomoni. Miguu yake haitaguswa. Tena fisi wa siku hizi wanamjua, amekuwa dume la kuogopwa, juzi ameng'oa ubao wa mlango wa Ntandu kwa teke moja bila sababu. Sikumgombeza sana.

Nakusikia sasa, unawasalimia watu kule kwenye mti wa pili. Karani amenyanyua masikio kabla yangu. Ameshaondoka kuja kukupokea.

Naharakisha. Daftari hili nitaliweka juu ya sanduku lako, na nitakwenda kwa Hawa nikae mpaka uwe umemaliza, kwa sababu nikiwepo nitakunyang'anya. Ukimaliza usinifuate. Usinililie usiku, sitaki kusikia "Yamepita, bibi." Hayajapita, yamekaa tu. Kasirika kadiri unavyotaka, hasira hiyo ni haki yako, na nitakaa nayo.

Kesho watu watakuja barabarani kukuaga. Ntandu atakuwepo, atavaa lile koti lake la vikao. Akina mama watakuwepo, na wale watoto waliokuwa wanakuimba, ambao sasa wana ndevu. Kabla sanduku halijapandishwa nitasimama mbele yao, na nitasema yote kwa mpangilio niliokuandikia, jiwe, kamba, mikono, yowe, na neno nililomwambia Ntandu ukiwa unanitazama. Wataninyang'anya uongozi wao, wachukue. Wewe usinivute kanga nikae. Usinisemee, usinifunike. Simama mahali ambapo wote wanakuona uso, usiinamishe kichwa. Na dereva akipiga honi mimi nikiwa bado nasema, usiningoje nimalize. Panda.